Bi. Titi Mohamed: Aliyewasemea wengi, akabaki peke yake

Wengi wetu tukishuka boti Dar es Salaam kwenda Kariakoo huikata Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ni vyema watoto wetu wakamjua mwenye jina hilo.

Bi. Titi alizaliwa mjini humo mwaka 1926, akajulikana mitaani kwa uimbaji wake katika ngoma. Mwaka 1955 alikabidhiwa kuongoza wanawake wa TANU. Mwanamke wa Kiislamu kuhutubia hadharani lilikuwa jambo geni, lakini alisimama, na kwa kupitia vikundi vya lelemama akaandikisha maelfu ya wanawake.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge na waziri mdogo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, alilipinga waziwazi. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Aliyakana mashtaka, akahukumiwa kifungo cha maisha. Alipoachiwa mwaka 1972, mumewe alikwishampa talaka na marafiki wengi wamemkimbia.

Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Tusiwe wepesi wa kumtupa anayetusemea pindi anapofikwa na mtihani. Allaah Amrehemu. Aamiyn.