Montuemhat, meya aliyebaki Thebes wafalme walipokimbia

Kwa cheo alikuwa Kuhani wa Nne tu wa mungu Amun, na walikuwapo watatu juu yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi mtawala halisi wa Misri ya Kusini alikuwa yeye, Montuemhat, meya wa mji wa Thebes, mahali panapoitwa leo Luxor.

Alizaliwa katika ukoo wa vigogo. Baba yake, Nesptah, naye alikuwa meya. Wakati huo Misri ilikuwa chini ya wafalme Wakushi kutoka Sudani ya leo, na miongoni mwa wake zake alikuwamo Udjarenes, mjukuu wa mfalme Piye wa Kush. Kwa hiyo alikuwa mkwe wa watawala.

Lakini Waashuru wakavamia kutoka mashariki. Mfalme Taharqa alishindwa, na mwaka 663 kabla ya Kristo Thebes yenyewe ikaporwa. Mfalme Tanutamani alirudi kwao Napata. Montuemhat hakuwa na pa kukimbilia. Alibaki na mji ulioporwa, akatengeneza upya mahekalu na sanamu za miungu, kisha akaandikisha kazi hizo ukutani katika hekalu la Mut, Karnak.

Mwaka 656 mtihani mwingine ukaja. Psamtik, mfalme mpya kutoka kaskazini, alimpeleka binti yake Nitocris Thebes kwa mashua, ili aje kurithi cheo kikuu cha ukuhani wa kike kilichokuwa mikononi mwa mabinti wa Kush. Kukataa kungeleta vita. Montuemhat alikubali, tena akaahidi kumlisha: mikate na divai kila siku, ng'ombe na mabata kila mwezi. Katika orodha ya watoaji yumo pia Udjarenes. Binti wa Kush akawa anatoa mkate kwa msichana aliyekuja kuchukua nafasi ya ndugu zake! Alivyojisikia moyoni, jiwe halisemi.

Montuemhat alifariki yapata mwaka 648, akazikwa katika kaburi kubwa la Asasif, ng'ambo ya magharibi ya Nile. Kwa desturi ya maofisa wa Thebes, mafundi walifinyanga koni za udongo, wakazipiga mhuri wenye jina na vyeo vyake zikiwa bado mbichi, kisha wakazichoma. Koni za namna hiyo zilipachikwa ukutani juu ya lango la kaburi, ncha ndani, uso wa duara nje.

Kuta za kaburi lake zilichongwa picha nzuri mno, na uzuri huo ndio ulioziponza: katika karne iliyopita vipande vilikatwa na kuuzwa, vingine vikaishia Marekani. Koni, ambazo ni udongo tu, hazikuwa na soko kama hilo. Zimeokotwa kwa wingi, na bado zinamtaja Montuemhat, Kuhani wa Nne wa Amun.