Mwana Kupona na Toni ya Utenzi

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyempinga Sultani wa Unguja. Alifiwa na mumewe mwaka 1856. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa mawaidha. Akafariki yapata 1860.

Tukiusoma bila kuyajua hayo, twasikia amri tupu. Tukiyajua, toni yadhihirika: ni upole wa mama anayeaga, nayo hali inayomjia msomaji ni huzuni. Basi, tufundishapo Ngara au Biharamulo, tuwaulize kwanza watoto wasemao Kihangaza au Kisubi jinsi mama anayesafiri anavyowausia wanawe. Ndipo tuwasomee utenzi kwa sauti hiyo.