Naimy Hakungoja Uzee

Kila nimsikiapo mtu aliye Arabuni au Ulaya akisema atarudi kwao akishazeeka, mimi humkumbuka Mikhail Naimy, mwandishi wa Lebanon. Dini yake haikuwa yetu, alikuwa Mkristo, lakini ugeni ni mmoja.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1889 mjini Baskinta, chini ya mlima Sannine, ambako theluji huanguka wakati wa baridi. Alisoma Urusi, akenda Marekani akasomea sheria, kisha akapelekwa vitani Ufaransa katika jeshi la Wamarekani. Alipokuwa New York aliuza bidhaa za watu ili ale, na huku akiandika kwa Kiarabu.

Sahibu yake Khalil Gibran naye alitamani kurudi kwao Bsharri, katika milima hiyo hiyo. Aprili 1931 Gibran alifariki New York, Naimy yuko kando ya kitanda. Kilichorudi Lebanon kwa meli ni jeneza.

Nadhani jeneza hilo lilimfunza. Mwaka 1932 Naimy alifunga mizigo, umri wake miaka 42, hana mke wala mtoto. Alikaa Baskinta na katika shamba la wazee wake, Shakhroub, akiandika ndani ya pango. Mwaka 1934 alitoa kitabu cha maisha ya Gibran. Wengi walikasirika kwa kuwa hakuficha aibu za rafikiye. Mimi simlaumu.

Hakuoa kamwe. Alifariki mwaka 1988, akiwa amekaa kwao miaka 56, zaidi ya mara mbili ya ile aliyokaa Marekani.