Marie Taglioni, msichana aliyehesabu hadi mia

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kuzungumza mbele ya darasa. Nilikuwa nimeshika karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto kwa kamba. Mwalimu akaniambia niiweke mezani. Nikaiweka, na maneno yote yakanitoka kichwani. Shahada ya falsafa ninayo, lakini siku ile haikunisaidia kitu!

Jioni nikamkumbuka Marie Taglioni, mcheza baleti, ile densi ya Ulaya ambayo wasichana husimama kwa ncha za vidole vya miguu.

Alizaliwa Stockholm mwaka 1804, baba Mwitaliano, mama Mswidi. Huko Paris alikosomea densi walimcheka kwa sababu ya mgongo wake ulioinama kidogo. Baba yake, Filippo, mtunzi wa densi, alipomwita Vienna kwa onyesho lake la kwanza mwaka 1822, aliona wazi kwamba binti hajawa tayari. Akamfundisha mwenyewe kwa miezi kama sita, saa sita kila siku. Saa mbili za mazoezi ya miguu, mbili za kuruka, na mbili za kusimama tu.

Hizo za kusimama ndizo zilizonigusa. Kwenye chumba cha baleti kuna mti uliofungwa ukutani, kama ule wa kushikilia kwenye ngazi. Unafaa sana unapoanza. Ila ukiuzoea, mwili unauegemea bila wewe kujua, na siku ukiuachia ndipo unagundua kumbe uzito wako haukuwahi kukaa juu ya vidole vyako. Marie alisimama katikati ya chumba kwa mguu mmoja, kisigino juu, akahesabu hadi mia. Halafu mguu wa pili. Halafu akajifunza kugeuka polepole akiwa vilevile, bila kuyumba.

Na viatu vyake vilikuwa laini, vya satini, vimeshonwa-shonwa nyuzi pembeni na mbele. Vya leo vina kikombe kigumu cha vitambaa na gundi kinachobeba vidole. Yeye alibebwa na misuli ya nyayo, goti lililonyooka, tumbo na mgongo.

Si yeye wa kwanza kupanda juu ya vidole. Hukohuko Vienna alimwona Amalia Brugnoli akifanya hivyo, ila kwa kurusha mikono ili ajivute juu. Marie alitaka apande na mikono ibaki imetulia. Tarehe 12 Machi 1832, kwenye Opera ya Paris, alicheza La Sylphide, densi aliyotungiwa na baba yake, na watazamaji wakaona kiumbe kisicho na uzito. Nguvu yote ilikuwa imefichwa chini ya gauni jeupe.

Ndoa yake ilivunjika mapema. Alicheza hadi Urusi, akastaafu mwaka 1847. Baadaye mali ikaisha, akaenda London kufundisha watoto wa matajiri kusimama na kutembea vizuri, akiwa tayari bibi. Alifariki Marseille mwaka 1884.

Usiku huo nilifunga mlango wa chumba changu, nikasimama kwa mguu mmoja, kisigino juu, nikaanza kuhesabu. Nilifika kumi na nne, nikashika kitanda. Jumatano nazungumza tena, na karatasi nitaiacha chumbani.