Richard Martin: Mbunge aliyegharimia kesi za punda na farasi

NI kawaida ya wabunge kupitisha sheria kisha wakawaachia wengine kazi ya kuitekeleza. Richard Martin, mbunge wa Galway nchini Ireland, hakuwa na wa kumwachia.

Sheria aliyoifanikisha Julai 1822 ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika Bunge la Uingereza kuwaadhibu wanaotesa farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Aliyepatikana na hatia alitozwa faini ya kati ya shilingi 10 na pauni tano, na aliyeshindwa kulipa alifungwa jela kwa muda usiozidi miezi mitatu.

Hata hivyo, sheria hiyo haikuunda kikosi chochote cha kuwasaka wahalifu. London yenyewe haikupata polisi wake hadi mwaka wa 1829, wala hapakuwa na afisi ya serikali ya kuongoza mashtaka. Kwetu Kenya, chini ya Katiba ya 2010, mashtaka ya jinai ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Uingereza ya siku hizo, aliyeudhika ndiye aliyekwenda mahakamani, kwa gharama yake.

Aliyeshinda kesi hakupata chochote, kwa kuwa faini ilikuwa mali ya Mfalme. Na iwapo hakimu angeona kwamba malalamishi hayakuwa na msingi, mlalamishi angeamriwa kumlipa mshtakiwa fidia ya hadi shilingi 20 kwa usumbufu aliompa. Mwenye huruma lakini asiye na kitu angefikiria mara mbili kabla ya kumripoti mchuuzi anayempiga punda wake.

Martin hakuzaliwa maskini. Alizaliwa mwaka wa 1754 katika ukoo uliomiliki ardhi kubwa mno eneo la Connemara, magharibi mwa Ireland, akasomea Harrow na Cambridge. Ujanani alijulikana kwa kupigana kwa bastola kuliko kwa upole. Mmoja wa mahasimu wake, George Robert FitzGerald, alikuwa amempiga risasi na kumuua mbwa mkubwa wa familia moja ya kikabaila, kitendo ambacho Martin hakukisahau hadi walipokabiliana kwa silaha.

Pesa hazikukaa mkononi mwake. Inasimuliwa kwamba baada ya mahakama kumpa fidia ya pauni 10,000 dhidi ya mwanamume aliyemnyang'anya mke, alizitupa sarafu dirishani akiwa garini hadi zikaisha. Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi, ila kinaafiki tabia yake.

Baada ya 1822, mzee huyu aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 70 alizunguka mitaa ya London na soko la mifugo la Smithfield akiwatafuta wakosaji yeye mwenyewe. Kesi iliyovuma zaidi ilimhusu mchuuzi wa matunda, Bill Burns. Inaelezwa kwamba Martin alimleta punda mwenyewe mbele ya hakimu ili majeraha yaonekane. Wachoraji wa vibonzo walimkejeli sana.

Cha ajabu ni kwamba, mara nyingine, mshtakiwa alipokuwa fukara, Martin aliyemshtaki ndiye aliyemsaidia kulipa faini. Alitaka ukatili ukome, si familia ya mchukuzi ilale njaa. Mfalme George IV, rafiki yake, alimbandika jina la Humanity Dick, yaani Dick mwenye utu.

Ilikuwa dhahiri kwamba mfuko wa mtu mmoja usingetosha. Juni 16, 1824, Martin, William Wilberforce aliyepinga biashara ya watumwa, na wenzao walikutana katika mkahawa mmoja jijini London wakaunda chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama. Aliyewaita ni kasisi Arthur Broome, ambaye aliacha parokia yake na kuajiri wakaguzi kwa pesa zake.

Michango haikufikia gharama za mashtaka. Kufikia 1826 chama kilikuwa na deni la karibu pauni 300, na kwa kuwa Broome ndiye aliyelidhamini, alitupwa katika jela ya wadeni. Naam, aliyewapeleka watesi wa wanyama mahakamani akaishia kizuizini kwa sababu ya bili. Martin na Lewis Gompertz, Myahudi aliyechukua ukatibu wa chama, ndio waliohangaika kumkomboa.

Zamu ya Martin haikukawia. Ukarimu na siasa, zaidi ya kesi za wanyama, vilikuwa vimemlimbikizia madeni, na kinga ya mbunge pekee ndiyo iliyowazuia wadai kumkamata. Ushindi wake katika uchaguzi wa 1826 ulipobatilishwa mwaka uliofuata, kinga hiyo ilitoweka. Alikimbilia Boulogne, Ufaransa.

Mwaka wa 1835 Bunge lilipanua sheria hiyo ikawalinda mbwa na fahali pia, na mwaka wa 1840 Malkia Victoria akakiruhusu chama kutumia jina la kifalme. Martin hakuyaona hayo. Alifariki Boulogne mnamo Januari 6, 1834, akiwa bado mbali na Connemara.