Maisha ya Yidnekatchew Tessema, Baba wa Kandanda ya Afrika

Mhariri aliponiomba niandike juu ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, nilijua wengi wangemchukua Mzee Kenyatta, Tom Mboya ama Wangari Maathai. Sina ubishi nao. Lakini mimi nimemchagua mtu ambaye jina lake litawapa ulimi kazi: Yidnekatchew Tessema, wa Ethiopia. Litamkeni pole pole, mtalizoea. Hata mimi lilinichukua wiki nzima.

Sababu ya kumchagua ni ya aibu kidogo, lakini nitaisema. Mwaka jana timu ya vijana wa huku kwetu Kamere ilialikwa kwenye mashindano Naivasha mjini. Mimi boli siwezi, golini nasimama kama mlingoti, lakini mwandiko wangu unasomeka, basi nikafanywa katibu wa timu. Wakubwa walinisomea majina nami nikayaandika. Kulikuwa na winga mmoja wa kushoto, kijana mwenye mbio za swara, ambaye kila mtu alijua ni lazima awe wa kwanza kutajwa. Hakutajwa. Si kwamba alikuwa mgonjwa ama hana nidhamu. Jina la babake tu ndilo lililomponza. Nyinyi mnajua Kamere ilivyo: mashamba ya maua yameleta watu kutoka kila pembe ya Kenya, tunachota maji pamoja na kupanda matatu moja, lakini ikifika saa ya kugawana kitu kidogo, watu wanakumbuka wametoka wapi. Nilijua, wote tulijua. Niliandika orodha, nikapiga mstari chini, nikaipeleka. Tulifungwa mechi ya kwanza, lakini hilo silo ninalolizungumzia.

Mjomba wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, njia ya Moyale. Safari moja alirudi na jezi ya Saint George, klabu kubwa ya Addis Ababa, akanipa. Niliivaa shuleni siku ya michezo, na mwalimu mmoja akaniuliza kama namjua mtu aliyeipa jezi ile heshima yake. Sikumjua. Ndipo nikaanza kutafuta.

Yidnekatchew alizaliwa tarehe 11 Septemba 1921 katika mji wa Jimma, magharibi mwa Ethiopia. Babake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji maarufu, mmoja wa Wahabeshi wa kwanza kabisa kurekodiwa sauti kwenye santuri, tena huko Ujerumani. Basi mtoto alikulia katika nyumba ya maneno, ila yeye akavutwa na gozi. Alisoma Addis Ababa, na mnamo mwaka 1935, akiwa kijana wa miaka 14, akajiunga na Saint George, klabu ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeundwa na vijana wa mjini humo.

Hebu utazame huo mwaka, msomaji. Ni katika 1935 ndipo majeshi ya Italia yalipoivamia Ethiopia. Mei 1936 yakaingia Addis Ababa. Klabu ya vijana wadogo, haijamaliza hata mwaka, tayari imo chini ya mkoloni. Waitalia walitenga watu kwa rangi katika kila jambo, na michezo haikusazwa: mweupe upande wake, mweusi upande wake. Hata jina la Saint George liliondolewa, klabu ikabandikwa jina la Kiitalia. Yidnekatchew alijifunzia kandanda katika hali hiyo, miaka mitano. Nadhani mtu aliyeonjeshwa jambo kama hilo akiwa mtoto hahitaji tena kufafanuliwa ubaguzi ni nini.

Waitalia walitimuliwa mwaka 1941. Miaka miwili baadaye shirikisho la kandanda likaundwa, naye Yidnekatchew akiwa miongoni mwa waasisi wake ingawa bado alikuwa mchezaji. Mwaka 1944 ligi ya kwanza ikachezwa. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu maktabani hadi nikakaripiwa. Timu zilikuwa tano, na kila moja ilikuwa ya jamii yake! Saint George ya Wahabeshi, Fortitudo ya Waitalia waliobaki, Ararat ya Waarmenia, Olympiacos ya Wagiriki, na timu ya wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Addis Ababa. Waingereza ndio waliochukua ubingwa. Saint George ilingoja hadi 1950 kuupata wa kwanza.

Kwani sisi tulikuwa tofauti? Ligi yetu ya taifa ilianza mwaka 1963, na mabingwa wa kwanza walitoka papa hapa kwetu: Nakuru All-Stars. (Wenzetu wa Nairobi huwa wanasahau jambo hili, basi tuwakumbushe.) Jina lao halikuwa na kabila. Lakini mwaka 1964 bingwa alikuwa Luo Union, na 1966 Abaluhya. Timu zilikuwa za jamii kama zile za Addis Ababa, na mashabiki vivyo hivyo. Serikali ndiyo iliyoamuru majina ya kikabila yaondolewe, na kufikia 1980 Abaluhya ikawa AFC Leopards na Luo Union ikawa Re-Union. Majina yalibadilika kwa siku moja. Hayo mengine sijui.

Turudi kwa shujaa wetu. Alikuwa mshambuliaji, na aliichezea Saint George peke yake, miaka 23, tangu 1935 hadi 1958. Kumbukumbu za mchezo zinampa mabao 318 katika mechi 365. Mimi nilipiga hesabu kwenye kijitabu changu: ni karibu bao moja kila mechi, kwa miaka ishirini na mitatu! Siku hizi mchezaji akifunga matano anataka kuhamia Ulaya. Timu ya taifa nayo aliichezea mara 15.

Nao ubingwa wa Ethiopia haukukaa Addis Ababa tu. Katika miaka ya sitini, timu ya kiwanda cha pamba cha Dire Dawa iliunyakua mara kadhaa. Wafanyakazi wa kiwandani, mabingwa wa nchi. Wazee wa Kamere wakisikia hivyo watatabasamu, kwa kuwa waliona jambo kama hilo kwa macho yao: Oserian, timu ya shamba la maua la jirani zetu, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2001 na tena 2002. Baba husimulia jinsi watu walivyotoka zamu, nguo bado zina harufu ya dawa, wakaenda uwanjani moja kwa moja. Timu hiyo haipo tena ligini, lakini mtaje mchezaji wake yeyote mbele ya baba uone kama chai haitapoa.

Sasa nafika mahali pa maana. Mwezi wa Februari 1957, nchi nne zilikutana Khartoum, Sudan, kuunda Shirikisho la Kandanda la Afrika: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Yidnekatchew alikuwako kwa niaba ya Ethiopia. Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika lingechezwa hapo hapo, na ratiba ilimpangia Mhabeshi acheze na Afrika Kusini. Lakini serikali ya makaburu haikutaka timu ya mchanganyiko. Walikuwa radhi kuleta timu ya weupe watupu, ama ya weusi watupu, wenzao wachague. Yaani walileta orodha mbili zilizokwisha kupigiwa mstari.

Fikiria ulivyokuwa mtego huo. Shirikisho ni changa, wanachama ni wanne, ukimfukuza mmoja unabaki na watatu, na mashindano yanabaki na timu tatu. Mtu mwingine angesema tuchukue hiyo ya weusi, mambo yaishe. Yidnekatchew na wenzake wa Misri na Sudan walikataa zote mbili. Ethiopia ikaingia fainali bila kugusa mpira, na huko ikafungwa na Misri mabao 4 kwa 0, yote manne ya mtu mmoja, Ad-Diba. Kwa hiyo msidhani kukataa kuliwaletea kombe.

Kombe lilikuja 1962, na lilikuja Addis Ababa kwenyewe. Timu zilikuwa nne, majirani zetu Uganda wakiwamo, na Yidnekatchew alikuwa kwenye benchi la makocha wa Ethiopia. Waliifunga Tunisia 4 kwa 2, kisha tarehe 21 Januari wakakutana na Misri. Misri iliongoza mara mbili, Ethiopia ikasawazisha mara mbili, na katika muda wa ziada wakaongeza mawili: 4 kwa 2 tena. Mfalme Haile Selassie alikabidhi kombe kwa mikono yake mwenyewe.

Na ni nani aliyelipokea? Nahodha, Luciano Vassalo. Jina si la Kihabeshi, mmeliona. Mamake alikuwa wa Eritrea na babake askari wa Italia, wa jeshi lile lile lililoikalia nchi. Nduguye Italo alikuwamo kikosini pia, na wote wawili walifunga siku hiyo. Italo, ndugu zanguni! Miaka ishirini na mmoja tu tangu Waitalia watimuliwe, na uwanjani umati wa Addis Ababa unamshangilia mtu anayeitwa Italo. Yidnekatchew, aliyenyang'anywa hata jina la klabu yake na Waitalia, alikaa benchi moja na vijana hao. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikaenda kuzunguka uwanja. Nilikuwa nawaza juu ya winga wa kushoto.

Baadaye akapanda vyeo, na hapa nitakwenda mbio kwa kuwa vikao havina utamu wa kusimulia. Mwaka 1966 Afrika iligomea Kombe la Dunia huko Uingereza kwa sababu bara zima halikupewa hata nafasi moja ya hakika. Yeye alikuwa kati ya waliolipigania jambo hilo. Mwaka 1970 nafasi moja ikapatikana, Morocco wakaenda. Mwaka 1972 akachaguliwa rais wa shirikisho la Afrika, mkutano ukifanyika Yaoundé, Cameroon, wakati wa fainali za Kombe la Mataifa. Na fainali hizo ndizo za kwanza ambazo Kenya yetu ilifuzu! Harambee Stars hawakushinda mechi hata moja, walifungwa na wenyeji na kutoka sare na Mali na Togo, lakini walikuwapo.

Katika urais wake hakuiacha ile kesi ya Khartoum. Afrika Kusini ilikuwa imesimamishwa na shirikisho la dunia mwaka 1961, ikarudishwa 1963, ikasimamishwa tena 1964. Mlango ukifungwa huku unafunguliwa kule. Mwaka 1974 kura za Afrika zilimsaidia João Havelange wa Brazil kumwondoa Mwingereza Stanley Rous kwenye kiti cha dunia, na mwaka 1976 Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa. Kutoka Khartoum hadi hapo ni miaka 19. Mwaka 1982 Afrika ikawa na timu mbili katika Kombe la Dunia, Algeria na Cameroon.

Tena hakuwa mtu wa kupendeza wenye pesa. Matangazo ya pombe na sigara kwenye kandanda ya vijana wa Afrika aliyapinga. Katika jambo hili nina shaka kama angefurahia ligi yetu, ambayo mabingwa wake wa miaka mingi wana jina la bia, lakini na tuyaache hayo.

Miaka yake ya mwisho alikuwa akiugua saratani. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika Nzima ilifanyika Nairobi kuanzia tarehe 1 hadi 12 Agosti. Harambee Stars ilifika fainali ya kandanda pale Kasarani, ikafungwa na Misri bao 1 kwa 0, kidonda ambacho wazee wetu hawajapona. Wiki moja baadaye, tarehe 19 Agosti 1987, Yidnekatchew Tessema akafariki, akiwa bado rais. Alikuwa na umri wa miaka 65. Desemba ile ile Gor Mahia ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika, lile lililokuwa likiitwa Kombe la Mandela, wakati Mandela mwenyewe angali gerezani. Afrika Kusini ilirudi uwanjani mwaka 1992, ikiwa na timu moja. Hakuiona.

Mashindano ya Naivasha yanarudi likizo ya Agosti, na nimeambiwa nijitayarishe kuandika majina. Jumamosi iliyopita niliteremka hadi ufuoni Kamere kumtafuta yule winga. Nilimkuta na babake wakishona nyavu. Nilimwambia kwamba safari hii jina lake nitaliandika kwanza, kabla sijasomewa mengine, na kwamba kama watalikata, basi wamtafute katibu mwingine. Hakunijibu. Alinisogezea upande mmoja wa wavu niushike, nami nikaushika hadi jua lilipozama.