Rudolf Diesel: Jamaa aliyelipa jina dizeli

Wadau, dizeli mnayoisikia kila siku pale sheli ni jina la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi Wajerumani. Vita ya 1870 ikawatimua. Akasomea uhandisi Munich kwa udhamini, na darasani ndiko alikonasa wazo: injini ya mvuke inapoteza karibu asilimia 90 ya nguvu ya makaa! Likamkaa kichwani miaka na miaka. Mwaka 1897, kule Augsburg, injini yake ikatumia asilimia 26.

Maonesho ya Paris ya 1900, injini ya aina hiyo ikapiga mzigo kwa mafuta ya karanga, wachache tu wakashtuka. Mwenyewe aliamini mafuta ya mimea yana siku yake. Ila Septemba 1913, madeni kibao, akatoweka melini akielekea Uingereza.

Sasa njoo Simbo. Mawese nayo yakichakatwa yanaendesha dizeli. Lakini yakiingia kwenye tenki, yanapungua kwenye sufuria. Hesabu hiyo inataka mhandisi aliyekulia kwenye michikichi. Vijana wa Simbo, nani anakwenda kuisomea?